Levin ya Likoni: shajara ya kuandaa gari la mbio za lami

Julai 11, 2021. Gari limefika nyumbani

Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu 2002, na nyumbani kwetu Likoni, Mombasa, siku zote nne hakuna aliyethubutu kubadilisha stesheni. Ami yangu, fundi wa malori tangu ujana wake, alirudi nyuma mpaka kwenye Datsun 240Z zilizoshinda 1971 na 1973, akatueleza zilivyosikika zikilia kabla hazijaonekana. Wiki mbili baadaye nikawa na gari.

Mbio za vumbi mfuko wangu hauziwezi. Ninachokitaka ni mbio za lami za watu wa kawaida: unakwenda uwanjani na gari lako, unapimwa kwa saa, unarudi nalo zima. Mombasa hatuna uwanja wa lami wa kudumu wa magari, kwa hivyo shabaha ni Athi River, zaidi ya kilomita 450 kutoka kivuko chetu cha feri. Naandika shajara hii kwa kuwa nilimtafuta mtu wa Pwani aliyeieleza kazi hii kwa Kiswahili na kwa bei za hapa, nisimpate. Wenzetu wa bara huandika juu ya nguvu za injini. Chumvi hawaijui.

Gari ni Toyota Corolla Levin AE111 ya 1997, gia sita. Injini ni 4A-GE ya valvu 20: kila silinda ina valvu tano, tatu za kuingiza hewa na mbili za kutoa moshi. Ujazo wake ni cc 1587 tu, lakini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika, bila tabochaja. Uzito ni kama kilo 1,100. Nimelipa shilingi 245,000 kwa sababu lilikuwa limelala miaka mitatu Nyali, nyumba ya tatu kutoka baharini, na mwenyewe alisema "linachemsha kidogo."

Ukiitafuta Levin kama hii, chungulia nyuma ya tairi za mbele kabla ya kuelewana bei. Baadhi zilitengenezwa na mfumo wa kubeba tairi za mbele uitwao Super Strut, ambao viungo vyake vikilegea ni ghali na vigumu kupatikana. Yangu ina mfumo wa kawaida, na hilo peke yake lilinifanya nitoe pesa.

Bajeti: 600,000 kwa kila kitu, gari likiwemo.

Julai 25, 2021. Bisibisi na nyundo

Kafyu inatufunga mapema, lakini kazi ya wiki mbili hizi haikuhitaji usiku. Ilikuwa kuuliza gari linaumwa wapi.

Kipimo cha mgandamizo kimetoa paundi 190 silinda ya kwanza, 185 ya pili, 105 ya tatu, 100 ya nne. Mbili zilizo jirani zikianguka pamoja namna hii, aghalabu gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imekatika katikati yake. Hilo nilikuwa nimelikisia tangu siku ya kulinunua.

Sikukisia kutu. Kwa macho bodi ni safi, rangi inang'aa. Ami akanipa bisibisi butu na nyundo ndogo, akaniambia nilale chini nigonge kila inchi nisikilize. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunyamaza. Sakafu ya upande wa dereva ilinyamaza pahali pawili, vizingiti vyote viwili vya milango vikanyamaza pale jeki inapoegemezwa, na kwenye kikombe cha shokapu cha mbele kulia bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Kikombe cha shokapu ndicho kinachobeba uzito wote wa kona. Tairi nzuri na springi ngumu juu ya kikombe kilichooza ni hatari tupu, kwa hivyo mpango mzima umegeuka: kwanza maji ya injini na kutu, kisha breki, kisha mengine. Injini haitaongezwa nguvu hata moja.

Agosti 22, 2021. Maji ya kisima

Hedi imefunguliwa. Matundu ya maji kwenye alumini yameliwa kama meno yaliyooza, na baadhi yamekaribia ukingo wa gasketi. Kopulagi mbili za bloku, yaani vizibo vya matundu yake ya maji, zilitoboka nilipozigusa kwa kidole.

Nilikwenda kumwuliza mlinzi wa ile nyumba ya Nyali. Mzee wa watu akanieleza bila kuficha: kila asubuhi alikuwa akijaza rejeta kwa ndoo ya maji ya kisima, ndivyo alivyoagizwa. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi. Ukiyachemsha maji yale kila siku ndani ya injini yenye hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, umetengeneza betri, na alumini ndiyo inayoliwa.

Hapa nilifanya kosa la kwanza la pesa. Fundi mmoja alinishauri tuyajaze mashimo kwa gundi ya chuma, tusugue, tufunge. Tukafanya hivyo kwa 5,000. Injini ilinguruma dakika arubaini, kisha povu jeupe likaonekana kwenye kifuniko cha oili. Tukafungua tena, na gasketi mpya ikawa imekwenda. Gundi ile huenda ikafaa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) au mfuniko, si pahali penye moto wa silinda upande mmoja na maji yenye shinikizo upande wa pili.

Njia iliyofaulu: mashimo yalichomelewa kwa alumini chini ya gesi ya agoni, kisha mkereza wa Changamwe akasawazisha uso wa hedi. Nilimsihi aondoe kidogo iwezekanavyo, kwani mgandamizo wa injini hii ni 11 kwa 1 tangu kiwandani, na kila unywele unaoondoa unauzidisha na kuileta injini karibu na kugonga, yaani mafuta kujilipua yenyewe ndani ya silinda. Aliondoa milimita 0.15.

Mengine yalikuwa ya kawaida: mkanda wa taimingi, wota pampu, thamostati, hosi zote, kopulagi zote, rejeta mpya ya alumini. Ndani sasa mna theluthi moja kulanti na theluthi mbili maji ya betri yaliyokenekwa. Hakikisha muuzaji hakupi asidi, maana chupa zinafanana. Barafu si adui yetu hapa, kwa hivyo kulanti haihitaji kuwa nusu kwa nusu. Kazi yake ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, na maji yenyewe hubeba joto vizuri zaidi kuliko kulanti.

Mgandamizo sasa: 195, 195, 190, 195. Gharama ya injini, kosa likiwemo: 93,000.

Oktoba 24, 2021. Kuchomelea

Viraka sita vya bati la milimita 1.2, na kikombe cha shokapu kimejengwa upya kwa bati mbili zilizopandana. Kafyu imeondolewa Jumatano na tumefanya kazi mpaka saa sita usiku siku tatu mfululizo. Praima imepigwa jana, rangi leo asubuhi kabla ya mvua. Gharama 38,000.

Novemba 28, 2021. Rangi imefura

Wiki tano tu. Nimeinua zulia la dereva nikakuta sakafu ina malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Nikatumbua moja kwa ukucha: ndani maji, na chini ya maji kutu changa ya rangi ya chungwa.

Niliwauliza wapaka rangi wa mashua pale Mtongwe, watu wanaopigana na chumvi kila siku ya maisha yao, na mmoja wao akaligundua kosa kabla sijamaliza kueleza. "Mwanangu, uliliosha bati kwa maji baridi kabla ya rangi?" Sikuliosha. Nililisugua kwa msasa, nikalifuta kwa tambara na petroli. Petroli huondoa mafuta, haiondoi chumvi. Chumvi iliyobaki kwenye vitundu vya chuma huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe, na mimi nilipaka katikati ya vuli, hewa imejaa maji.

Tulichofanya safari hii: rangi yote imekwanguliwa. Bati likaoshwa kwa maji moto ya mfereji na brashi ya waya mara tatu, likakaushwa kwa feni na taa kali usiku kucha. Asidi ya fosforiki ikapakwa, ikaachwa ifanye kazi, ikaoshwa, likakaushwa tena. Praima ya zinki haitapigwa mpaka kaskazi itulie na hewa ikauke. Ndani ya vizingiti, mahali brashi haifiki, tutanyunyizia nta kwa mrija mrefu kupitia matundu ya maji.

Gharama ya kurudia: 13,500 na wiki tatu. Ami amenipa kazi ya kudumu juu ya hayo, na tangu leo ni sheria: kila gari likivuka feri, jioni ile ile linaoshwa chini kwa maji baridi kabla ya mtu yeyote kula.

Desemba 19, 2021. Kizimba kilichokatwa

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa isomwe na kila anayetaka kuiga.

Kizimba cha mabomba ndani ya gari ndicho kinachozuia paa lisikuangukie likipinduka. Nilimpa kazi fundi wa mageti na madirisha, mtu hodari wa kuchomelea, na mishono yake ni mizuri kuliko yoyote niliyowahi kuona. Alinitoza 42,000 pamoja na mabomba. Siku alipomaliza nilitia kidole ndani ya ncha iliyokuwa bado wazi nikahisi mstari ulionyooka, umeinuka kidogo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ni mshono. Bomba lilikuwa bati lililokunjwa likaunganishwa, lile la maji na la mikono ya ngazi. Nilipomwambia alistaajabu kwa dhati. "Ndugu yangu, bomba ni bomba. Hili nimejengea mageti ya maghorofa." Sikumlaumu, kwani mimi ndiye sikumpa maelezo. Geti haliangukiwi na kilo 1,100 kwa kasi. Bomba lenye mshono likipigwa ubavuni laweza kupasuka pale pale kwenye mstari.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, ziko wazi: chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Upinde mkuu nyuma ya dereva uwe milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2. Sehemu nyingine ziwe 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Pale mguu wa kizimba unapokutana na sakafu panatakiwa sahani ya chuma ya unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120. Chapisha ukurasa ule ukampe fundi kabla hajanunua chochote.

Kizimba cha kwanza kimekatwa chote kwa grainda. Mabomba mapya yametoka Nairobi kwa lori, yakakunjwa huko huko kwenye mashine inayojaza bomba kwa ndani ili lisibonyee kwenye kona. Nililipeleka umbo kwa kiolezo cha waya wa nondo, na kati ya mikunjo minane mmoja tu ulihitaji kurudiwa. Fundi yule yule wa mageti ndiye aliyekichomelea, na sasa ana karatasi ya kanuni ukutani kwake. Gharama ya cha pili: 118,000.

Moto wa kuchomelea umeunguza rangi ya sakafu niliyoipigania, pahali panne. Mpangilio sahihi, ambao nimeujifunza kwa kuukosea: kata kutu, chomelea viraka, chomelea kizimba, ndipo uoshe na upake.

Kiti, mkanda wa pointi nne, mtungi wa kuzimia moto na helmeti vimekuja kwa 87,000. Mikanda ya mabega imefungwa kwenye bomba la kizimba nyuma ya kiti na inashuka kidogo sana kuelekea nyuma. Ikishuka mno, siku ya ajali hukandamiza uti wa mgongo badala ya kukushika. Helmeti nimechukua ya kiwango cha Snell SA2020, cha mbio za magari. Zenye herufi M ni za pikipiki, na hazipimwi kwa moto.

Januari 4, 2022. Bamvu

Desemba 30 tulifunga shokapu za kurekebishwa urefu, kuukuu za kutoka Japani, 65,000 kwa seti. Nikalishusha gari milimita 50, kwa sababu picha zote nilizozipenda zilikuwa za magari yaliyolala chini.

Leo saa nne asubuhi nikavuka kwenda kisiwani kupima alaimenti. Mwezi ni mchanga bado, maji ni ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa kupita kiasi, na saa nne ya bamvu Mombasa ni wakati bahari imetoka kabisa. Mtelemko wa Likoni ulikuwa mrefu na mkali, ukakutana na bawa la feri, lile daraja lake la kupandia magari, kwa pembe ambayo sijawahi kuiona kwa sababu sijawahi kuitazama. Nilisikia mpasuko chini ya miguu yangu. Watu walisimama wakanitazama. Kijana mmoja wa mkokoteni akaweka mzigo wake chini akanisaidia kulisukuma gari lipande, na sikupata kumshukuru vizuri.

Upande wa pili taa ya oili ilikuwa ikiwaka kila nikipiga kona ya kulia. Nikazima injini pale pale, nikalivuta kwa kamba mpaka kwa mkereza wa Changamwe. Kuzima mara moja ndiko kulikookoa beringi.

Januari 23, 2022. Sampu

Sampu ilikuwa imebonyea ndani kama sentimita tatu, na chujio la kufyonzea oili limebaki na nafasi ya unene wa sarafu. Hakuna ufa. Ilipokuwa iko chini nikaona bora nifanye kazi iliyokuwa kwenye orodha ya baadaye: tumeinyoosha, kisha tumechomelea ndani yake vizuizi vinne vyenye vilango vidogo, ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu na kuiacha pampu ikifyonza hewa. Chini yake kuna sahani ya chuma ya milimita 3. Oili sasa ni 15W-50. Jumla 20,500.

Gari limeinuliwa. Sasa limeshuka milimita 20 tu kuliko la kiwandani. Kemba ya mbele, yaani mlalo wa juu ya tairi, ni digrii mbili na nusu kuelekea ndani, na tairi zinatazama mbele moja kwa moja. Alaimenti 4,000. Ami amenibandikia ukutani jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima, kwa mkono wake mwenyewe.

Machi 6, 2022. Breki zimezama

Mwenye yadi moja ya makontena huko Miritini ametuazima uwanja wake Jumapili kwa barua, lango limefungwa, hakuna mtu ndani ila sisi. Zege tupu, tukapanga koni. Barabara ya umma si mahali pa kupima gari la mbio. Ukikosa uwanja, usipime.

Zoezi: kilomita 80 kwa saa mpaka kusimama, mara kumi, bila kupumzika. Mara ya tano pedali ilianza kulainika. Mara ya sita ilizama mpaka sakafuni na gari likaendelea mbele. Nilikuwa na mita sitini za akiba mbele yangu, na nilizitumia zote.

Pedi zilikuwa mpya, na mafuta ya breki pia nilidhani ni mapya. Tulipoanza kuyatoa yalikuja na mapovu. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa makavu huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu, kipimo cha chini kinachokubaliwa ni 155, na moto wa breki za mbio huvuka hapo bila shida. Chupa yangu niliifungua Novemba nikairudisha kifuniko juu juu, ikakaa rafuni miezi minne katika hewa ya Likoni, ambayo hata chumvi ya mezani haikai kavu ndani yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemimina maji kwenye breki zangu.

Kulikuwa na kosa la pili chini ya lile. Kalipa (kibanio cha pedi) ya kushoto mbele pini zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu, pedi ya ndani ikafanya kazi peke yake na kupata moto mara mbili. Usiridhike kwa kubadilisha pedi: toa pini, zisugue, zipake grisi ya silikoni, na uangalie kama kalipa inateleza kwa mkono mmoja.

Marekebisho: pistoni na mipira mipya ya kalipa zote nne, hosi zilizofumwa kwa chuma, pedi za kuhimili moto, na hosi mbili za hewa kutoka mdomo wa bampa mpaka katikati ya diski. Mafuta mapya ni ya chupa za nusu lita. Chupa ikifunguliwa hutumika siku hiyo hiyo, na kinachobaki hakirudi kwenye mfumo wa breki. Jumla ya breki: 61,500.

Aprili 10, 2022

Ramadhani imeingia na petroli imeadimika nchi nzima. Tunafanya kazi kidogo baada ya tarawehe. Tairi zimefika: 195/50 za rimu 15, zenye namba 200 ubavuni, maana yake raba laini inayoshika na kuisha upesi. 72,000.

Mei 8, 2022. Kumi kati ya kumi

Miritini tena. Mara kumi, pedali imara mpaka mwisho. Ami alikuwa amesimama pembeni akihesabu kwa tasbihi, na ya kumi ilipokwisha akaja kugusa rimu kwa mgongo wa mkono, akasema tu, "Haya."

Injini ilikuwa ikitikisika ikiwa imesimama. Kila silinda ya 4A-GE hii ina mlango wake wa hewa, na milango minne lazima ifunguke sawa. Nilitumia geji nne za mvuto, nikakuta wa tatu umetangulia wenzake. Skrubu moja, robo ya mzunguko. Nilipoteza siku mbili nikibadilisha plagi kabla ya kufikiria hilo.

Juni 12, 2022. Uwanjani

Gari lilipanda bara kwa lori la mgongo wazi kwa 38,000. Wakaguzi walilipitisha. Mmoja wao aliingiza kidole kwenye tundu la kukagulia bomba la kizimba, akatazama mguu mmoja mmoja, akauliza nani kachomelea. Nilijisikia fahari kwa niaba ya fundi wa mageti.

Mizunguko ya kwanza injini ilikuwa nzito. Nililirudisha gari kando, nikakagua plagi, hosi, chujio la hewa, na nusura niguse taimingi. Mkaguzi mzee akaniuliza natoka wapi, kisha akaniuliza kwa mzaha bahari iko mita ngapi juu ya bahari. Athi River iko kama mita 1,500 juu. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa takribani sehemu moja kati ya sita, na injini isiyo na tabochaja hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari halikuwa na kasoro. Nilipoteza saa nzima ya uwanja. Jambo jingine la huko: maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hivyo mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo vizuri ni muhimu zaidi kuliko hapa kwetu.

Mzunguko wangu wa kwanza uliopimwa ulikuwa dakika 1 na sekunde 21.4. Wa mwisho, 1 na 16.9. Tairi nilizianzisha kwa paundi 26 zikiwa baridi, zikapanda mpaka 33 zikiwa moto. Nilizipunguza mpaka 31 na gari likaacha kuteleza pua. Breki hazikuzama. Geji ya maji haikuvuka 96. Nilipitwa na magari mengi, na moja nilipishana nalo kila kona kwa mizunguko minne, bega kwa bega, na nilisahau kabisa kwamba nilikuwa na miezi kumi na moja nyuma yangu.

Juni 19, 2022. Hesabu

Lori lililoshuka lilitoza 20,000, kwani mengi hupanda na mizigo ya bandari na kurudi matupu. Ukipatana na dereva aliye njiani kurudi utalipa kidogo. Ada na leseni 22,000. Jumla kuu tangu siku ya kwanza: 939,500. Katika hizo, 42,000 ni kizimba kilichokatwa na 13,500 ni rangi ya kurudia, ukiacha gundi ya chuma na gasketi iliyokwenda nayo.

Baada ya uwanja: mgandamizo haukubadilika. Pedi za mbele zimebaki milimita 6. Mafuta ya breki yamemwagwa na kuwekwa mapya, ingawa hayakuonyesha dalili. Kwenye kikombe cha shokapu cha kulia nimegonga kwa nyundo ile ile ndogo na kinalia vizuri. Kuna alama moja ya kutu, saizi ya punje ya mtama, pale kiraka cha tatu kinapokutana na kizingiti. Itasuguliwa na kuoshwa kabla ya mvua nyingine.

Kazi inayofuata ni rejeta ndogo ya oili, kwa sababu mizunguko ya mwisho oili ilifika nyuzi 128.

Gari limelala Changamwe kwa mkereza. Bamvu la wiki hii bado halijaisha. Kwa jedwali la ami, Alhamisi maji yatakuwa mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa nne asubuhi bahari itakuwa imejaa vya kutosha bawa la feri kukaa karibu sawa na mtelemko. Tutavuka saa hiyo. Ndoo za maji baridi ziko tayari uani.